Chupa ni ndogo, mafunzo ya nini?

Swali

Assalaam alaykum mwalimu, na shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili, kwetu Wete, nasoma Unguja. Utafiti wangu ni wa mwani: nataka kujua unavyojitengenezea chakula maji ya bahari yanapozidi joto, na msimamizi wangu amesema tutatumia kaboni-14, ile kaboni yenye mionzi. Sasa chuo kinataka nikae mafunzo ya usalama wa mionzi siku tatu na nifaulu mtihani ndipo niguse chupa ya kaboni hiyo. Mwenzangu wa maabara, ambaye meza yake imepakana na yangu na anatumia fosforasi-32, ananiambia huo ni urasimu tu, nivae glavu na aproni ya risasi, basi. Mama naye kasikia neno mionzi, hataki kusikia jengine: anasema sitozaa. Na nina la mwisho. Naweza kuipakia chupa kwenye boti nikaenda nayo Pemba, nikafanyie jaribio ufukweni kwetu? Ni mililita moja tu.

Jibu

Waalaykumu salaam, marahaba mwanangu. Nianze na mama, kwa sababu swali lake ndilo zito kuliko yote uliyoniandikia, na hakulitoa hewani.

Mionzi kweli inaweza kukata uzazi, na sisi wa Unguja tuna ushahidi wake. Kati ya 1994 na 1997, madume ya mbung'o waliofugwa Tanga walipigwa mionzi ya sesiamu-137 mpaka wakawa hawazalishi, kisha wakamwagwa kwa ndege juu ya misitu na vichaka vya kisiwa hiki, Jozani ikiwemo. Jike la porini likipandwa na dume wa namna hiyo halipati mtoto. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa 1996, na ng'ombe wa Unguja wakaepukana na nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Kwa hiyo mama akisema mionzi inaua uzazi, usimcheke. Muelezee kiasi, kwa sababu katika mionzi kila kitu ni kiasi. Mbung'o wale walipewa dozi ambayo binadamu asingetoka nayo hai. Mwanamke ili akose uzazi moja kwa moja anahitaji dozi inayoanzia kama milisiveti 2,500 kwa mpigo mmoja; milisiveti ndicho kipimo cha dozi ya mionzi mwilini. Kikomo kinachokubalika kimataifa kwa mfanyakazi wa mionzi ni milisiveti 20 kwa mwaka, kwa wastani wa miaka mitano, na mwaka wowote usipite 50. Kwa mtu asiyehusika na kazi hiyo ni 1. Na dunia yenyewe, kwa mawe yake, hewa yake, anga lake na chakula chake, inampa kila mmoja wetu wastani wa 2.4 kwa mwaka.

Sasa chupa yako. Tuseme ni ya milikyuri moja, kipimo cha zamani ambacho wauzaji bado wanakiandika kwenye lebo. Hiyo ni bekereli milioni 37, yaani atomi milioni 37 zinavunjika kila sekunde. Inatisha kuisikia. Lakini mwili wako, hapo hapo ulipokaa, una kaboni-14 ya bekereli elfu tatu na kitu, uliyoila ndani ya muhogo na samaki tangu utotoni. Nimeipiga hesabu hii ubaoni miaka mingi: mtu akiinywa chupa nzima, Mungu apishe mbali, mwili wake utapata kama milisiveti 21. Atakuwa amevuka kidogo kikomo cha mwaka mmoja. Hatougua siku ile wala uzazi wake hautoguswa. Kitakachoongezeka ni uwezekano mdogo wa saratani miaka ya mbele, na ni kwa ajili ya uwezekano huo ndipo kikomo kikawekwa.

Basi mwenzako ana haki kusema mafunzo ni urasimu? Hana. Na ushauri wake wenyewe ndio unaonionyesha kuwa hana, maana katika maneno mawili aliyokupa, glavu na aproni ya risasi, moja ni kosa kabisa na la pili ni nusu ya ukweli.

Aproni ya risasi, ile metali nzito, ni ya chumba cha eksirei. Pale miale inapenya mwili na risasi inaizuia. Kaboni-14 haina miale ya namna hiyo. Inatoa chembe za beta dhaifu mno: hewani hazifiki mbali zaidi ya sentimita 25 hivi, na mwilini hazipenyi hata theluthi ya milimita. Karatasi nzito inazikamata nyingi, na koti lako la maabara linatosha. Ukivaa aproni ya kilo kadhaa kwa ajili yake utachoka mabega, mkono utatetemeka, na mkono ukitetemeka ndipo unapomwaga.

Kwa fosforasi-32 ya mwenzako aproni hiyo ni mbaya zaidi, na hapa naomba umfikishie maneno yangu kwa upole. Beta za fosforasi-32 zina nguvu zaidi ya mara kumi ya zako, hewani zinakwenda mita sita. Zikiigonga risasi zinafungwa breki ghafla, na ile nguvu iliyopotea inatoka kwa sura ya eksirei. Yaani amejikinga na kitu kinachozaa miale mengine inayopenya kuliko ya kwanza. Kinga ya fosforasi-32 ni plastiki nene, ile inayopitisha mwanga kama kioo ambayo mafundi wa mabango huiita pespeksi, unene wa sentimita moja. Ukitaka kuweka risasi, iweke nje ya plastiki, isitangulie. Na asishike chupa iliyo wazi kwa vidole akiielekea kwa juu. Chupa ya milikyuri moja ikiwa mdomo wazi, ngozi ya vidole inayokaa pale pale inaweza kufikia kikomo chake cha mwaka, milisiveti 500, kwa saa chache tu. Ndiyo maana wanaoitumia huvaa pete ya kupimia mionzi kidoleni, ndani ya glavu, na hushika chupa kwa koleo. Urefu wa koleo peke yake ni kinga kubwa: ukiongeza umbali mara mbili, dozi inashuka mpaka robo.

Umeona basi. Vitu viwili kwenye meza mbili zilizopakana, vyote vinaitwa mionzi, vyote ni beta, na kinachokulinda na kimoja hakikulindi na cha pili. Ukija mwaka wa pili ukaletewa iodini-125, mambo yanageuka tena: hiyo inatoa gama, miale inayopenya kama eksirei, risasi inaifaa sana, lakini inaruka hewani na ikiingia mwilini inakimbilia tezi ya shingoni. Hakuna glavu itakayokuambia hayo. Siku tatu za mafunzo, zikifundishwa vizuri, kazi yake ya kwanza ni kukufanya uzoee kuuliza: hiki nilichoshika ni nini, kinatoa nini, kinafika wapi, na kikiingia mwilini kinakaa wapi.

Tuje kwenye glavu. Glavu inakulinda wewe, haivilindi vitu vyengine nawe. Hilo nililijua kwa kufundishwa, kisha nikalijua tena kwa aibu. Nilikuwa mwanafunzi kama wewe, katika maabara ya ng'ambo, na kazi yangu ilikuwa ya fosforasi-32. Jioni moja nilimaliza, nikapitisha kipimo cha mionzi juu ya meza, meza safi. Nikapitisha kwenye pipeti, ule mrija wa kuchotea na kupimia majimaji, safi. Nikavua glavu, nikanawa, nikaenda zangu kusali magharibi na kula. Asubuhi nilipofungua maabara niliwasha kipimo, nikakisogeza kifuani kwangu bila kukusudia nikichukua daftari. Kikalia kama mvua ya masika juu ya bati. Ilikuwa kalamu. Katikati ya kazi niliandika namba nikiwa na glavu zile zile, kisha nikaichomeka kalamu mfukoni kwa mkono mtupu, nikalala nayo kwenye shati lililotundikwa juu ya kitanda. Tulikwenda na msimamizi wa usalama mpaka chumbani kwangu, tukapima mto, kitasa, bomba, mswaki. Alhamdulillahi, uchafu haukutoka nje ya mfuko ule. Lakini mswaki wangu mwenyewe kuushikia kipimo, mbele ya mtu mwengine, ni jambo sijalisahau mpaka leo.

Ndiyo maana nasema kwa kiasi kidogo kama chako, hatari haiko kwenye miale inayokupiga ukiwa umesimama. Iko kwenye uchafu unaotembea. Tone moja usiloliona linakaa kwenye glavu, kutoka glavu linakwenda kwenye kitasa cha friji, kutoka kitasa linakwenda kwenye simu, simu inakwenda shavuni. Mafunzo ni ya kuizoesha mikono. Kichwa kinaweza kuyasoma haya kwa nusu saa, ila mikono haisomi.

Kuna zoezi ninalolipenda kuliko mihadhara yote, na unaweza kulifanya kabla hata mafunzo hayajaanza. Chukua manjano ya unga, yale ya jikoni, koroga kijiko cha chai ndani ya spiriti, chuja. Tafuta taa ndogo ya zambarau, ile wenye maduka wa Darajani wanayokagulia noti bandia. Manjano yakipigwa na taa ile gizani yanang'aa kijani-njano. Sasa tandika meza yako kama siku ya kazi: trei, karatasi ya kufyonza, pipeti, chupa, daftari. Fanya jaribio zima kutoka mwanzo hadi mwisho ukitumia maji ya manjano badala ya kaboni-14. Vua glavu ulivyozoea. Kisha zima taa za chumba, washa ile ya noti, ujitazame.

Nimewaona watu wazima wenye shahada tatu wakinyamaza. Manjano yako kwenye kifundo cha mkono, pale glavu ilipoishia na mkono wa koti ulipoanzia. Yako kwenye kitufe cha pipeti. Yako kwenye fremu ya miwani, maana kila mtu husukuma miwani bila kujijua. Dada mmoja aliyakuta kwenye ncha ya mtandio wake, mahali alipoinama kusoma mstari wa bureti. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwaambia kinadada wote wanaojisitiri: mtandio uingie ndani ya koti na koti lifungwe vifungo mpaka juu, mikono ya baibui ikunjwe iingie ndani ya mikono ya koti, na glavu ipande juu ya koti ifungwe kwa tepu. Bangili na pete ziachwe nyumbani. Hina haina neno. Rudia zoezi mpaka gizani usiangaze popote isipokuwa kwenye trei. Kwa wengi hiyo ni mara ya tatu au ya nne.

La mtandio hulikuti katika vitabu vilivyoandikwa kwengine, na liko jengine linalotuhusu sisi zaidi. Ukimaliza kazi adhuhuri imeingia, unatoka moja kwa moja kwenda kutawadha. Kutawadha kuna kusukutua na kupandisha maji puani. Mkono uliobaki na tone umeupeleka mdomoni kwa niya njema kabisa. Utaratibu uwe huu: pima mikono, vua glavu kwa kuzigeuza ndani nje, pima mikono tena, nawa kwa sabuni kwenye sinki la maabara, kisha ndiyo utoke. Usitawadhe kwenye sinki la maabara hata kama kipindi kinakimbia. Na ukikuta ngozi imechafuka, maji ya vuguvugu na sabuni laini, taratibu. Usisugue kwa brashi wala dodoki la nguvu. Ngozi ikichubuka umeufungulia uchafu mlango wa damu.

Kula na kunywa ndani ya maabara hakuna mjadala. Ubuyu, pipi, chingamu, mafuta ya midomo, wanja, vyote viko kundi moja. Friji ya vielelezo haiweki maji ya kunywa hata ya mtu aliyekwenda dukani mara moja.

Nimesema upime. Upime kwa kutumia kitu gani? Hapa watafiti wa kaboni-14 wanaumia sana, na kama mkufunzi wako hatoligusa basi mnyanyulie mkono umuulize. Kipimo cha mkononi kinacholialia kinasikia fosforasi-32 kutoka mbali. Kaboni-14 kinaisikia kwa shida, ikiwa umekisogeza mpaka sentimita moja na umekipitisha polepole kama mtu anayetafuta sindano kwenye mkeka. Na haidrojeni-3, ambayo huenda siku moja ukaitumia, hakiisikii kabisa hata ukikimwagia juu. Wapo wanaokivisha kipimo nailoni kisichafuke. Kwa fosforasi haidhuru. Kwa kaboni-14 umekipunguzia macho ambayo tayari yalikuwa dhaifu. Kimya cha kipimo si ushahidi wa usafi. Ushahidi ni kupangusa: karatasi ndogo ya kuchujia, iloweshwe kidogo kwa spiriti, ipanguse eneo la sentimita kumi kwa kumi, itiwe kwenye kichupa chenye maji yanayotoa mwanga yakipigwa na beta, na mashine ihesabu mwanga huo. Pangusa meza, sakafu chini ya kiti, kitasa, simu ya ukutani. Andika namba, tarehe na jina lako. Beji ya kifuani utapewa, uivae kwa sababu ya jirani yako, lakini ujue haiioni kaboni-14. Mtu akikuambia beji yangu ilisoma sifuri mwaka mzima kwa hiyo sikuchafuka, hiyo si hoja.

Kaboni-14 yako itakuja kama bikaboneti ndani ya maji. Hili ni la jaribio lako khasa, kwa hiyo tulia nalo. Utaitia kwenye maji ya bahari pamoja na vipande vya mwani, utaviweka kwenye mwanga masaa kadhaa, kisha utataka kuondoa kaboni ambayo mwani haukuila. Inaondolewa kwa asidi. Bikaboneti ikikutana na asidi inafanya kile kile unachokiona ndimu ikidondokea magadi: inachemka povu na kutoa hewa ya ukaa. Ya kwako itakuwa hewa ya ukaa yenye mionzi, na utaivuta wewe na mwenzako. Hatua hiyo ifanyike ndani ya kabati la kuvuta hewa, feni inafanya kazi, na ihakikishe inafanya kazi kwa kushikia ukanda wa karatasi nyembamba uone unavutwa. Ikimwagika mezani usikimbilie asidi wala siki kusafishia. Na pipa la taka zake lisitiwe asidi ya mtu mwengine. Nimewahi kuona maabara ambayo kila mtu alikuwa mwangalifu wa meza yake na ndoo ya taka ilikuwa ya wote. Hewa ilitokea kwenye ndoo.

Kuhusu taka, tofauti ya chupa zenu mbili inajitokeza tena. Fosforasi-32 inapungua nusu kila siku 14.3. Ikifungiwa kwenye kabati miezi mitano, imepita nusu kumi, imebaki chini ya sehemu moja ya elfu. Inapimwa, lebo zinafutwa, inatoka kama taka nyengine. Ya kwako inapungua nusu kwa miaka 5,730. Hakuna kabati la kusubiria hilo. Kwa hiyo nunua kidogo, tumia kidogo, usichanganye na ya jirani, maana ukitia tone la kaboni-14 kwenye ndoo yake umemnyang'anya faida ya kusubiri. Sinkini humwagwi kitu isipokuwa kwa kiasi kilichoandikwa kwenye kibali.

Kufuta lebo, watu hudhani ni jambo dogo. Ile alama ya mionzi, yenye mabawa matatu kama ya pangaboi, ikitoka na taka salama mpaka jaa la Kibele, inawazoesha wanaookota chuma na chupa kule kuwa alama hii haina maana. Mwaka 1987 katika mji wa Goiânia, Brazil, waokota vyuma chakavu walivunja mashine ya matibabu iliyoachwa kwenye kliniki tupu, wakakuta ndani unga unaong'aa buluu gizani. Waliupeleka majumbani kuwaonyesha ndugu. Ilikuwa sesiamu-137. Watu wanne walikufa, mmoja wao mtoto wa kike wa miaka sita, na zaidi ya watu 100,000 walipimwa. Chanzo kile kilikuwa kikubwa mno kuliko chochote utakachokishika wewe. Lakini kilitoka mikononi mwa wataalamu kwa njia ile ile ambayo chupa ndogo hutoka: mtu alihama, na waliopaswa kuarifiwa hawakuarifiwa.

Hapo tunafika kwenye boti ya Pemba. Hapana, mwanangu. Wala si kwa sababu mililita moja itaizamisha meli. Kwanza kibali: nchini kwetu vyanzo vya mionzi, kuviingiza, kuvimiliki, kuvitumia na kuvisafirisha, vinasimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, TAEC, iliyoundwa kwa sheria ya 2003, nayo ina ofisi yake hapa Unguja. Kibali cha chuo kinataja chumba, na ufukwe wa kwenu haumo ndani ya chumba hicho. Kusafirisha kunataka kifungashio maalumu, karatasi za njiani na nahodha anayejua amebeba nini. Kuitia kwenye pochi katikati ya abiria wanaotapika njiani ni kosa la sheria, na chupa ikipasuka huna sinki wala kipimo.

Pili, na hili linanigusa kama mtafiti, utauharibu utafiti wa watu wengine. Wako wanaopima kaboni-14 ya asili ndani ya maji ya bahari, ambayo ni kama atomi moja katika atomi trilioni za kaboni. Tone lako likipata kwenye mtumbwi au chumba ambacho mwenzako atakuja kuchotea vielelezo, namba zake zimekufa na hatojua kwa nini. Meli za utafiti za Marekani hupanguswa sakafu na meza kutafuta mabaki ya namna hiyo, kwa sababu zimeshaumia.

Basi geuza safari. Chukua mwani wako Pemba, ufunge kwenye kitambaa kilicholowa maji ya bahari, uutie kwenye kisanduku cha baridi bila kugusa barafu, uupakie boti, uupumzishe kwenye tangi huku Unguja kabla ya kuanza kazi. Mwani ndio unaosafiri.

Na kabla ya hapo nataka umuulize msimamizi wako swali moja kwa adabu: ni lazima iwe kaboni-14? Mkufunzi wa kweli huanzia hapo, maana kanuni ya kwanza ya kinga ya mionzi ni kutotumia bila sababu inayotosha. Kasi ya mwani kujitengenezea chakula inaweza kupimwa kwa oksijeni inayotoka, chupa ya mwanga na chupa ya giza, na hilo unaweza kulifanya ufukweni kwenu ukiwa umevaa ndara. Inaweza kupimwa kwa kaboni-13, ambayo haina mionzi kabisa, ingawa vielelezo vitahitaji mashine ya gharama ya kupimia uzito wa atomi. Kaboni-14 inazishinda zote mbili pale kasi ni ndogo sana na sampuli ni chache. Ikiwa mwani wako unakua kwa afya, oksijeni pengine inakutosha kwa sehemu kubwa ya kazi, na kaboni-14 ibaki kwa ule uliodhoofika kwa joto. Jibu lolote atakalokupa, liandike. Mwenye kutoa kibali atakuuliza hilo hilo.

Mafunzo yenyewe, ukifika, angalia kama kuna saa ya kushika pipeti. Kama siku zote tatu ni picha ukutani, omba, tena omba kwa maandishi, siku moja iwe maabarani kwenu na meza yenu. Uliza msimamizi wa usalama wa mionzi wa chuo ni nani na namba yake ya simu imebandikwa wapi. Uliza mkimwaga mnafanya nini kwanza, na mkaifanye: kuwaambia waliomo chumbani, kutupia karatasi ya kufyonza, kuzuia watu wasikanyage wakatoka nayo, kupiga simu. Kusafisha kunakuja baada ya hapo. Mtu akimwaga na kuogopa kusema kwa sababu atagombezwa, maabara hiyo ina tatizo kubwa kuliko tone lililomwagika. Mimi niliisema kalamu yangu asubuhi ile ile, na yule bwana hakunigombeza. Alichukua kipimo akavaa viatu vya kufunika, tukaondoka.

Limebaki la mama. Siku ukijaaliwa ujauzito, mwambie msimamizi wa usalama mapema, kwa maandishi, hata kama hujawaambia jamaa. Tangu hapo mtoto tumboni analindwa kama mtu wa nje asiyehusika, kikomo chake milisiveti 1 kwa muda wote uliobaki, na chuo kinatakiwa kikupangie kazi upya. Hakiruhusiwi kukuondoa kwenye utafiti kwa sababu hiyo, na wewe hulazimiki kujificha. Ukinyonyesha pia useme, kwa sababu kilichoingia mwilini mwa mama kinaweza kupita kwenye maziwa. Hiyo iko ndani ya viwango vya kimataifa, na mkufunzi asipoitaja darasani, itaje wewe, kwa sauti, ili na wenzako wa kike waisikie.

Msalimie mama sana. Siku utakayofanya zoezi la manjano mwite aje aangalie taa ikizimwa, kisha uniandikie ulijikuta unang'aa wapi.